Kitabu kimoja, nakala kumi: namna ya kutenganisha aina na kitu chenyewe unapochora modeli ya data

Soma sentensi hizi mbili polepole: "Kitabu hiki nimekisoma mara mbili" na "Kitabu hiki kimechanika." Maneno ni yaleyale, kitabu hiki, ila hazizungumzii kitu kimoja. Ya kwanza inaweza kuwa kweli hata kama mara ya kwanza ulisoma nakala ya maktaba na mara ya pili ukaazima kwa rafiki, bado unahesabu kitabu kimoja. Ya pili inahusu lile furushi la karatasi lililoko mkononi mwako, nakala nyingine zote huko ziliko ni nzima. Kwenye maongezi hakuna anayehangaika na hili kwa sababu msikilizaji anaelewa tu. Databesi haielewi. Inakuamini vile ulivyochora modeli ya data, yaani ule mchoro wa maboksi na mishale unaosema ni habari gani zitatunzwa, na kama ulichora boksi moja linaitwa Kitabu basi siku moja itakwambia nakala zote kumi zimechanika, au itagoma kusajili nakala ya pili kwa sababu namba ya kitabu hicho ishaingia.

Mi nililijua hili kwa kuungua. Niliombwa kutengeneza kisistimu kidogo cha kufuatilia vifaa vya ofisi moja, projekta, laptopu, vitu vya namna hiyo, nikatengeneza tebo inaitwa Kifaa yenye kolamu za jina, modeli, mtengenezaji, idadi na hali. Mstari mmoja ukawa projekta ya modeli fulani, idadi 6, hali "nzima". Nikaona safi kabisa. Wiki chache mbele projekta moja ikaungua taa, mtu wa stoo akabadilisha hali kuwa "mbovu" kwa sababu hakuwa na sehemu nyingine ya kuandika, hapohapo zote sita zikawa mbovu kwenye ripoti, mwenzake akaona akarudisha "nzima" ila akapunguza idadi ikawa 5, ile iliyoungua ikapelekwa kwa fundi ikarudi, ikaongezwa tena, halafu baada ya mwezi projekta ikaungua taa tena na bosi akauliza swali dogo tu: ni ileile au nyingine? Hakuna aliyeweza kujibu, mi mwenyewe nikiwa wa kwanza.

Basi hapa chini nitatumia maneno mawili. Aina, ambayo waandishi wa programu wanaiita klasi, na kitu, ambacho wao wanakiita instansi. Projekta za modeli ile ni aina. Ile iliyoungua taa ni kitu.

Boksi kwenye mchoro halimaanishi kitu kimoja

Mtaalamu wa kompyuta Peter Chen alipochapisha modeli yake ya entiti na uhusiano mwaka 1976 alitenganisha entiti, yaani kitu kimoja unachotunza habari zake, na seti ya entiti, yaani kundi la vitu vya namna hiyo, na ule mstatili kwenye mchoro ni wa seti. Sisi tuliokuja nyuma tukafupisha, tunasema "entiti" tukimaanisha boksi, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Ukiona boksi lina jina Mteja lisome kama "wateja wote, waliopo na watakaokuja". Mteja mwenyewe, yule mwenye jina na simu, hayupo kwenye mchoro, atakuja kukaa kwenye mstari wa tebo baadaye.

UML, lugha ya kuchora mifumo ya programu ambayo shirika la viwango la OMG waliipitisha mwaka 1997, inakuruhusu kuchora vyote viwili na tofauti ni kistari tu: boksi lililoandikwa Nakala ni aina, boksi lililoandikwa n17 : Nakala likapigiwa mstari chini ya jina ni kitu kimoja. Kwenye ubao watu wanausahau huo mstari kila siku, halafu wanabishana nusu saa bila kujua kwamba mmoja anaongelea boksi na mwingine anaongelea kilichomo.

Anza na vitu

Usifungue programu ya kuchora kwanza. Chukua karatasi uandike sentensi kumi hivi zinazohusu vitu maalum, vyenye majina na namba, kama vile sistimu tayari ipo na inafanya kazi. Sio "mwanachama huazima kitabu", hiyo ni sentensi ya aina tupu na inaficha kila kitu. Andika hivi:

Mwanachama 204 ameazima nakala yenye stika 0017 tarehe 3.
Nakala 0017 imechanika ukurasa wa 40.
Nakala 0018 ni ya toleo lilelile na ni nzima.
Toleo hilo lina kurasa 212.
Mwanachama 311 anasubiri kitabu hicho, nakala yoyote itakayorudi kwanza.

Ona sentensi tano tu zishakupa kazi. Kurasa 212 sio za nakala 0017 peke yake, ni za kila nakala ya toleo hilo, kwa hiyo zinakaa sehemu nyingine. Mchaniko ni wa 0017 peke yake. Na yule 311 hasubiri nakala, anasubiri kitabu. Hayo yote ungeyakosa kama ungeanza na maboksi, maana boksi linaitwa Kitabu, mshale unaitwa huazima, unaridhika unakwenda kulala.

Watu wa ORM (Object-Role Modeling), ile njia ya kuchora modeli ya data ambayo mtaalamu Terry Halpin aliiendeleza kutoka kwenye kazi ya mwenzake Nijssen, hii ndo hatua yao ya kwanza kabisa, mifano hai kwanza ndo mchoro ufuate. Nilikuwa naiona ni kupoteza muda. Sioni hivyo tena.

Vipimo vitatu vya haraka

Kiswahili kimetupa kipimo cha bure, kiambishi hu-. Sikiliza: "Simu hii huisha chaji haraka." "Simu hii imeisha chaji." Ya kwanza mara nyingi ni habari ya modeli, mtu anakuonya usinunue. Ya pili ni habari ya simu moja, hapa, sasa hivi. Kwa hiyo ukishaandika sentensi zako, zile ambazo ulimi wako unapenda kuzisema kwa hu- zipeleke upande wa aina, zile zinazotaka -me- au -li- zipeleke upande wa kitu. Haifanyi kazi mia kwa mia, maana kitu kimoja nacho kinaweza kuwa na tabia zake, "hii projekta ya chumba cha pili huzima yenyewe" ni habari ya projekta moja korofi tu, lakini kwa kuanzia inasaidia sana.

Cha pili kinachekesha ila ndo ninachokiamini zaidi: je, kinaweza kuibiwa? Nakala inaweza kuibiwa, toleo haliwezi. Gari lenye namba ya chasisi linaweza kuibiwa, modeli ya gari haiwezi (mtu anaweza kuiba ramani ya kiwanda, hiyo ni kesi nyingine). Kuibiwa, kupotea, kuvunjika, kuchelewa, kuzaliwa, kufa, hivyo vyote vinampata mmoja. Kuvumbuliwa, kusitishwa uzalishaji, kupata umaarufu, hivyo vinaipata aina.

Cha tatu ni kwa kila kolamu unayotaka kuiweka: nikibadilisha thamani hii, ni vitu vingapi vimebadilika huko nje duniani? Ukirekebisha idadi ya kurasa kutoka 212 kwenda 214 kwa sababu mtu alikosea kuandika, nakala zote kumi zimerekebishika. Basi kolamu hiyo ni ya toleo. Ukiiweka kwenye nakala utalazimika kuirekebisha mara kumi na utasahau moja, na hiyo moja ndo itakayoonekana kwenye ripoti.

Kugawa boksi moja kuwa mawili

Ukishagundua boksi limebeba aina na kitu kwa pamoja, kazi yenyewe ya kugawa sio ngumu. Boksi la aina linabaki na sifa za pamoja, boksi la kitu linachukua zile za mmoja mmoja, kati yao unaweka uhusiano wa moja kwa wengi: toleo moja, nakala nyingi, na kila nakala ni ya toleo moja tu. Penye shida ni kwenye vitambulisho.

ISBN, ile namba ya kimataifa ya vitabu, ndo mtego wa kawaida. Ina tarakimu 13 tangu Januari 2007, kabla ya hapo zilikuwa 10, iko nyuma ya kitabu na bakodi yake, inaonekana kabisa kama kitambulisho, kwa hiyo mtu anaifanya ufunguo wa tebo ya nakala, yaani kolamu ya kutofautisha kila mstari na mwingine. Lakini ISBN ni ya toleo, nakala zote zilizochapishwa za toleo hilo zina ISBN ileile. Na sio ya "kitabu" kwa maana ya kazi ya mwandishi pia, maana jalada gumu lina ISBN yake na jalada laini lina yake. Wakutubi waliliona hili zamani, ile modeli yao ya FRBR ambayo IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, waliitoa mwaka 1998 ina ngazi nne: kazi yenyewe kama ilivyo kichwani mwa mwandishi, umbo lake la maneno kwa mfano tafsiri fulani, toleo lililochapishwa, halafu nakala iliyoko kwenye rafu. Kwa sistimu yako mbili zinaweza kutosha kabisa, usizivamie zote nne kwa sababu tu zipo.

Simu zimelifanya hili kwa uzuri. Bonyeza *#06# utaiona IMEI, namba ya kuitambulisha simu, tarakimu 15. Nane za mwanzo ni namba ya modeli iliyoidhinishwa, sita zinazofuata ni siriali namba ya simu yako, ya mwisho ni ya kuhakiki kama namba imeandikwa sawa. Yaani aina na kitu vimekaa kwenye namba moja, vimetenganishwa kwa nafasi. Kwenye mchoro wako usiache zimeungana hivyo, zile nane ziwe zinaelekeza kwenye boksi la modeli za simu, la sivyo kila ukitaka kujua una simu ngapi za modeli fulani utakuwa unakata maandishi kwa mkasi.

Na pale ambapo vitu havina namba, vipe. Watu wengi wanajaribu kuvitambua kwa sifa, "ile nyeusi ya mwaka jana", halafu zinakuja mbili nyeusi za mwaka jana. Kondoo Dolly aliyezaliwa Julai 1996 alitengenezwa kutoka seli ya kondoo mwingine, vinasaba vya kiini vya wawili hao vilikuwa vilevile, na bado hakuna aliyemhesabu Dolly na yule mwenzake kuwa kondoo mmoja. Kufanana hakutoshi, hata kufanana kila kitu. Bandika stika.

Ni, ni, ni na ni

Hapa ndo penye utamu, na ndo panapowaangusha hata wazoefu. Neno letu "ni" linafanya kazi nne tofauti na kwenye mchoro kila moja ina mshale wake.

"Dolly ni kondoo." Kitu na aina yake.
"Kondoo ni mnyama." Aina ndogo ndani ya aina kubwa.
"Kondoo ni spishi." Aina, ila sasa tunaitazama kama kitu kimoja kwenye orodha ya spishi.
"Nyota ya asubuhi ni Zuhura." Majina mawili, kitu kimoja.

Ziunganishe uone. Dolly ni kondoo, kondoo ni mnyama, kwa hiyo Dolly ni mnyama: sawa. Dolly ni kondoo, kondoo ni spishi, kwa hiyo Dolly ni spishi: hapo tushapotea, na kompyuta ikipewa mishale ya aina moja tu itakuletea upuuzi huo bila aibu.

Dawa yake ni neno "kila". Liweke mbele ya sentensi usikilize. "Kila kondoo ni mnyama", inakaa vizuri, basi huo ni mshale wa aina ndogo kwenda aina kubwa. "Kila kondoo ni spishi", inaanguka, kwa hiyo sio aina ndogo, hapo neno kondoo limesimama kama kitu. "Kila Dolly ni kondoo", mdomo wenyewe unakataa maana Dolly ni jina la mmoja. Na ile ya Zuhura unaijua kwa kuigeuza, Zuhura ni nyota ya asubuhi, haijaharibika, basi ni kitu kilekile na hutakiwi kuwa na mistari miwili ya tebo, unatakiwa mmoja wenye majina mawili.

Ukitaka kuona hili likifanyika kwa wingi tembelea Wikidata, databesi huria ya maarifa, ipo tangu Oktoba 2012. Pale kila kitu na kila mshale una namba: kuna mshale P31 kwa ajili ya "ni mmoja wa" na P279 kwa ajili ya "ni aina ndogo ya". Simba, Q140, amewekewa P31 kwenda kwenye taksoni, yaani simba kama spishi ni mmoja wa vikundi vya wanabiolojia, wakati simba mmoja aliyepewa jina anawekewa P31 kwenda kwa simba. Ngazi mbili, mshale uleule wa P31, na hazirithishani. P279 yenyewe inarithisha: ukishuka ngazi tano bado sifa ya juu inakufikia. Makosa ya kuchanganya hizo mbili yamejaa pale na wahariri wanayasafisha kila siku, kwa hiyo ukikosea usijione mjinga.

Lugha ya OWL, ya kuiandikia kompyuta maana za aina na vitu ili iweze kufanya mahitimisho, imepitia mgogoro huu rasmi kabisa. Toleo la 2004, kwa upande wake wa DL, ule wenye masharti makali ya mantiki, halikuruhusu jina moja liwe klasi na wakati huohuo liwe kitu. OWL 2 ya mwaka 2009 ikalegeza, jina moja linaweza kusimama pande zote mbili, ila injini ya mantiki inazihesabu kama vitu viwili vilivyogongana jina tu. Mi naona waliamua vizuri, ila kwa mtu anayeanza nashauri majina mawili tofauti, SpishiKondoo na Kondoo, macho yako yatakushukuru.

Aina ikigeuka kitu: boksi jipya au mstari mpya?

Hili swali linakuja kwenye kila mradi. Una projekta, laptopu, printa. Je, kila moja iwe boksi lake chini ya Kifaa, au kuwe na boksi moja linaitwa AinaYaKifaa lenye mistari mitatu ndani? Kwa njia ya kwanza projekta ni klasi. Kwa njia ya pili, projekta ni kitu, mstari kwenye tebo, ingawa kikazi bado inaeleza aina ya vitu vingine. Mtaalamu wa modeli James Odell aliandika kuhusu hali hii mwaka 1994 akaiita pawataipu (power type), aina ambayo vitu vyake ni aina. Jina linatisha kuliko jambo lenyewe.

Mi najiuliza maswali mawili. La kwanza, hizo aina zinatofautiana kwa kolamu au kwa thamani tu? Kama projekta inahitaji masaa ya taa na laptopu inahitaji programu endeshi na hizo kolamu hazina maana upande wa pili, kuna sababu ya kuzipa maboksi. Kama tofauti ni jina na muda wa waranti, hiyo ni thamani, weka mistari. La pili, nani ataongeza aina mpya? Kama mtu wa stoo asubuhi moja atapokea skana na anatakiwa kuisajili palepale bila kumpigia simu mwandishi wa programu, basi ni mstari, mjadala umeisha. Mara nyingi jibu ni mstari. Nimeona michoro yenye maboksi thelathini ya aina za bidhaa, kila mwaka yanaongezeka, na kila ongezeko linahitaji kubadilisha databesi nzima, mateso tu.

Ngazi zinaweza kuwa zaidi ya mbili na si lazima zipangane zote kwenye mstari mmoja wa kwenda juu. Chukua "ndege imechelewa". Ndege ipi? Kuna modeli ya ndege, urefu wa mabawa ni wake. Kuna ndege yenyewe, ile yenye namba ya usajili, masaa iliyoruka ni yake. Kuna namba ya safari, ile inayojirudia kila siku kwenye ratiba, saa iliyopangwa kuondoka ni yake. Halafu kuna safari ya tarehe fulani, na kuchelewa ni kwake peke yake. Maboksi manne, na neno la mtaani ni moja. Ukiwahi kuona sistimu inayosema namba ya safari nzima imefutwa wakati ni ya leo tu, umeshajua walikosea wapi.

Usiifunge aina kwenye utambulisho wa kitu

Pluto iligunduliwa 1930 ikaitwa sayari, Agosti 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ukabadilisha maana ya sayari na Pluto ikatoka kwenye orodha. Yenyewe haikutikisika hata kokoto moja, kilichobadilika ni mshale. Kama kwenye databesi yako ufunguo wa Pluto ulikuwa "SAYARI-09", pole. Namba ya kitu iwe bubu, isiseme chochote kuhusu aina.

Na kinyume chake kipo. Mwezi lilikuwa jina la kitu kimoja, kile kinachotuangazia usiku. Januari 1610 Galileo akaona vinne vikizunguka Mshtarii na taratibu neno likaanza kutumika kama aina, leo tunasema miezi ya Mshtarii bila kushtuka. Kwenye kazi zetu hii inatokea mara nyingi sana: "ghala" ni moja, kila mtu anasema tu ghala, hakuna anayeona haja ya boksi, halafu linafunguliwa la pili na kila sentensi iliyosema "ghala" inakuwa na utata. Kitu kikiwa kimoja tu, jiulize kama ni kimoja kwa lazima au ni kimoja kwa leo. Kama ni kwa leo, kipe boksi.

Mtu anapobuku hataki kitu

Nirudi kwa yule 311 anayesubiri kitabu. Anapoweka oda anaelekeza kwenye aina. Anapokabidhiwa, kitu kinaingia. Vyumba vya hoteli ni hivyohivyo, unabuku chumba cha watu wawili, namba ya chumba unaijua ukifika mapokezi. Kwa hiyo unahitaji uhusiano mbili: oda inaenda kwenye aina tangu mwanzo na ni lazima iwepo, halafu inaenda kwenye kitu na inaruhusiwa kuwa tupu mpaka siku ya makabidhiano. Ukilazimisha kitu tangu siku ya oda, sistimu itamshikia 311 nakala 0017 wakati 0018 imesharudi na iko kwenye rafu inapigwa vumbi. Na weka kanuni: kitu kilichokabidhiwa kiwe cha aina iliyoombwa, la sivyo kiandikwe kwamba ni mbadala. Mchoro hauonyeshi kanuni hiyo wenyewe, lazima uiandike kwa maneno pembeni.

Pale ambapo idadi inatosha

Sio kila kitu kinastahili stika. Skrubu kwenye boksi la skrubu, hakuna atakayeuliza ni skrubu ipi ilipotea. Hapo kolamu ya idadi ni halali kabisa. Swali ni kama kuna mtu atakayekuja kuuliza "ipi?" na akawa na sababu.

Kuna na katikati. Dawa haina stika kwa kila kidonge lakini ina namba ya bechi, kwa sababu ikigundulika kasoro kiwandani wanarudisha bechi nzima. Bechi ni kitu, ina tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, na ndani yake kuna idadi. Ni rahisi kuisahau kwa sababu sio aina na sio kile unachokishika. Mtu akiweka tarehe ya kuisha muda kwenye boksi la Dawa, ujue bechi imesahaulika.

Kisha jaza

Mchoro ukikamilika usiupeleke kwa mtu. Chora tebo kwa mkono, jaza mistari mitatu kila moja kwa zile sentensi zako kumi za mwanzo, hakikisha mistari miwili ni ya vitu vya aina moja. Angalia maneno yanayojirudia yaleyale kwenye mistari miwili, kuna uwezekano ni sifa ya aina iliyokwama kwenye kitu. Angalia kolamu ambayo huwezi kuijaza bila kuuliza "ya ipi?", hiyo ni sifa ya kitu iliyokwama kwenye aina. Inachukua robo saa.

Zile projekta nilizigawa hivyohivyo, ModeliYaKifaa upande mmoja na Kifaa upande mwingine, kolamu ya idadi nikaifuta kwa sababu idadi sasa ni kuhesabu mistari tu. Data ya zamani haikuwa na cha kuokoa, ikabidi mi na yule mtu wa stoo tupite chumba kwa chumba na roli ya stika na kalamu ya wino mzito, tukabandika moja baada ya nyingine. Tebo ilikuwa inasema sita. Tulibandika saba.